Nchi Ndani ya Mwili: Homa ya Munisagara na Tiba ya Wachina

Tarehe 4 Desemba 1884, katika kijiji kilichoko kati ya Kilosa na Mikumi ya leo, mzee mmoja wa Kisagara aliwekewa mbele yake karatasi iliyoandikwa Kijerumani. Aliyeileta ni Carl Peters, kijana wa miaka 28, ambaye mwezi uliotangulia alikuwa ameondoka Saadani pamoja na Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na August Otto. Karatasi ilimtaja mzee huyo kwa jina la Muinin Sagara, ikamwita sultani mwenye mamlaka yote juu ya Usagara nzima, na ikadai kwamba anawakabidhi wageni wake nchi hiyo na haki zake. Kijiji kile bado kinaitwa Munisagara.

Usagara haikuwa na sultani wa nchi nzima. Watu waliishi kwa koo zilizohesabiwa upande wa mama, na kila bonde lilikuwa na wakubwa wake. Lakini Peters alitoka katika nchi yenye kaisari juu na raia chini, na mkataba wake usingekuwa na thamani yoyote Berlin bila mtawala mmoja wa kuutia alama. Basi akalichukua umbo la nchi aliyoijua, akaliweka juu ya nchi asiyoijua. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm I alitoa hati ya kuyaweka maeneo yale chini ya ulinzi wa Ujerumani. Sultani aliyebuniwa kwenye karatasi akawa mmoja wa misingi ya koloni.

Mbele ya homa, hati hiyo haikufua dafu. Peters alirudi pwani akiwa mgonjwa. Otto alibaki Usagara, na homa ikamuua hukohuko.

Mkataba ule na homa ile vinatufikisha kwenye swali moja: binadamu hukifahamu vipi kitu asichokijua au asichoweza kukiona? Mara nyingi huazima umbo la kitu anachokijua. Mwaka 1980 George Lakoff na Mark Johnson walichapisha kitabu kilichoeleza kwamba sitiari si pambo la washairi peke yao. Ni chombo tunachofikiria nacho kila siku, mara nyingi bila kujijua. Tiba ni uwanja mmojawapo ambamo jambo hilo huonekana waziwazi. Ndani ya mwili ni giza, na mganga wa zamani, bila darubini wala picha za eksirei, ilimbidi aufikirie mwili kwa kitu kingine: mto, shamba, nyumba, vita, serikali. Wachina walilifanya hilo kwa upana mkubwa, wakaliandika, na maandishi yao yakadumu miaka 2,000. Njia ndefu iliyoyaleta hadi mabonde ya Kilosa ilipitia kwenye homa ileile iliyomuua Otto.

Homa moja, maelezo mengi

Mwaka 1884 hakuna aliyepita njia ya misafara ya Usagara aliyejua kwamba homa ile huletwa na mbu. Daktari wa Kifaransa Alphonse Laveran alikuwa ameviona vimelea vya malaria katika damu ya mgonjwa huko Algeria mwaka 1880, lakini wengi walikuwa hawajamwamini. Ronald Ross alikuja kuthibitisha kazi ya mbu mwaka 1897, akiwa India. Kabla ya hapo, Mzungu aliyeugua bondeni aliamini kwamba amevuta hewa mbaya inayofuka kutoka kwenye vinamasi. Kwake ugonjwa ulikuwa mvuke, na kinga yake ilikuwa kujenga mlimani na kufunga madirisha usiku.

Wafanyabiashara wa pwani waliopanda bara kutoka Bagamoyo na Saadani walikuwa na maelezo ya kale zaidi, yaliyotoka kwa Wayunani na kupitia vitabu vya Kiarabu. Mwili una vimiminika vinne, yaani damu, balghamu, safura na sauda, na afya ni kuviweka katika mizani. Homa ni joto lililozidi kipimo, na dawa ni kurudisha ubaridi.

Wenyeji nao walikuwa na fikra zao. Thomas Beidelman, mwanaanthropolojia aliyeanza utafiti miongoni mwa Wakaguru, majirani wa Wasagara kaskazini mwa Kilosa, mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu jinsi walivyoipanga dunia kwa jozi, kama moto na baridi, kuume na kushoto, na kwa rangi tatu: nyeupe, nyekundu na nyeusi. Ugonjwa haukuwa jambo la mwili peke yake. Uliulizwa kwa jirani, kwa ndugu, kwa mizimu ya ukoo: nani amekosewa, mwiko gani umevunjwa? Mwili ulisomwa kupitia umbo la ukoo, kwa kuwa ukoo ndio uliokuwa nchi yao.

Mfalme ndani ya kifua

Mwaka 221 kabla ya Kristo, dola ya Qin ilizishinda falme nyingine na kuiunganisha China chini ya mtawala mmoja. Nasaba ya Han iliyofuata ilirithi dola hiyo, ikaendeleza mfumo wa watumishi wa serikali, maghala ya nafaka, mifereji, barabara na ngome za mipakani. Katika karne mbili za mwisho kabla ya Kristo ndipo maandishi yanayojulikana kama Huangdi Neijing yalipoanza kukusanywa, na hadi leo ndiyo msingi wa tiba ya Kichina.

Anayeyasoma anakuta dola nzima ndani ya mwili. Moyo ni mfalme, na busara yote hutoka kwake. Mapafu ni waziri anayemsaidia. Ini ni jemadari anayepanga mikakati. Nyongo ni hakimu asiyependelea. Bandama na tumbo ni maofisa wa maghala wanaopokea chakula na kukigawa, na kiungo kingine kimepewa kazi ya kusimamia njia za maji. Mfalme akiwa na busara, nchi nzima hustawi. Akipotoka, njia huziba na wote wanaumia.

Dola ile iliishi kwa maji. Karibu mwaka 256 kabla ya Kristo, gavana Li Bing aliyagawa maji ya mto Min kwa mradi wa Dujiangyan, ambao hadi sasa unamwagilia mashamba ya Sichuan. Hivyo si ajabu kwamba mishipa mikuu kumi na miwili ya mwili ililinganishwa na maji makubwa kumi na mawili ya nchi. Katika mkono na mguu, sehemu za kuchoma sindano zilipangwa kama safari ya maji: kwenye ncha ya kidole ni kisima, kisha chemchemi, kijito, mto, na kwenye kiwiko au goti ni bahari. Mahali palipoziba panahitaji kuzibuliwa, na mahali palipofurika panahitaji kupunguzwa. Mkazi wa Kilosa hahitaji ufafanuzi. Mafuriko ya mwanzoni mwa mwaka 2010 yalikata reli na kuwaacha maelfu bila makazi. Mto uliofungiwa njia hutafuta njia nyingine.

Tazama sasa daktari wa jadi ya Kichina akimpokea mgonjwa. Anauweka mkono wa mgonjwa juu ya kimto kidogo, kiganja kikiangalia juu. Anakilaza kidole cha kati mahali mfupa wa kifundo unapoinuka, cha shahada mbele yake upande wa kiganja, cha pete nyuma. Kwenye mkono wa kushoto vidole hivyo vitatu vinasikiliza moyo, ini na figo. Kwenye wa kulia, mapafu, bandama na tena figo. Anagusa kijuujuu, kisha anakandamiza kidogo, kisha anakandamiza zaidi. Hahesabu mapigo peke yake. Anapima kama mtiririko ni wa juu au wa chini, laini au wa kukwaruza, umejaa au umekauka. Mwanafunzi asiyefundishwa sitiari ya maji atashika mkono uleule na asisikie chochote zaidi ya dundo. Hapo ndipo ilipo nguvu ya sitiari: humfundisha mtu cha kutafuta, na vidole hujifunza kukipata.

Jeshi linaloshuka uti wa mgongo

Sehemu moja ya Neijing inaihusu Munisagara moja kwa moja, ingawa waandishi wake hawakuijua Afrika. Ni sura inayozungumzia homa za vipindi, zile zinazomtetemesha mtu kwa baridi, zikamchoma kwa joto, zikamtoa jasho, kisha zikampumzisha na kurudi.

Swali la sura hiyo ni la mtu aliyewatazama wagonjwa kwa makini. Kwa nini homa hii huja kwa saa yake? Kwa nini kwa wengine huja kila siku na kwa wengine huja siku moja na kuruka inayofuata? Kwa nini mara nyingine hukawia kidogo kila inaporudi? Jibu lilitoka kwenye ngome za mipakani. Mwilini kuna nguvu ya ulinzi, aina ya qi, yaani pumzi ya uhai, inayozunguka kama askari wa doria. Adui aliyeingia hajifichi mahali pamoja. Hushuka uti wa mgongo, pingili moja kwa siku. Homa hulipuka pale tu doria inapokutana na adui. Adui akiwa ameshuka zaidi, doria huchelewa kumfikia, na homa huchelewa pia. Akiwa amejichimbia ndani zaidi, doria hukutana naye siku moja na kumkosa siku ya pili.

Leo tunajua kwamba vimelea huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua kwa mizunguko, mingi ikiwa ya saa 48, na kwamba mtetemeko hutokana na kupasuka huko. Hakuna adui anayetembea juu ya pingili. Lakini madaktari wale walikuwa wameziona saa, wakakataa kuzifanya bahati nasibu, wakatafuta utaratibu wenye kitu kinachosafiri, kinachojificha na kinachokutana na ulinzi wa mwili kwa ratiba. Sitiari ya jeshi iliwawezesha kuuliza maswali sahihi kabla ya vyombo vya kuyajibu kupatikana. Na hospitali za leo hazijaiacha: tunasema vimelea vinashambulia, kinga inapambana, dawa imeshindwa.

Sitiari ina gharama yake pia. Dola ya mwilini haikuupa ubongo cheo katika baraza lake, kwa sababu busara ilikuwa tayari imekabidhiwa kwa moyo. Ilipita karne nyingi kabla ya daktari Wang Qingren kuchapisha, mwaka 1830, kitabu cha kusahihisha picha za viungo vya ndani. Alikuwa amezichunguza kwa macho yake maiti za watoto waliokufa kwa ugonjwa wa mlipuko na kuachwa makaburini bila kufukiwa vizuri. Aliandika kwamba kumbukumbu na akili vimo ubongoni. Umbo linalokuonyesha mfalme linaweza kukufichia mwingine anayetawala kweli, kama karatasi ya Peters ilivyowaficha wakubwa wa kila bonde la Usagara.

Kaisari wa mwisho wa China aliondolewa mwaka 1912. Mwaka 1929 serikali ilitaka kuibana tiba ya jadi, na waganga wakaandamana kuitetea. Mwaka 1956, chini ya serikali ya Mao Zedong, vyuo vya tiba hiyo vilifunguliwa Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Katika vitabu vya vyuo vya nchi isiyo tena na mfalme, moyo ulibaki mfalme.

Madaktari na reli

Timu ya kwanza ya madaktari wa China iliwasili Zanzibar mwaka 1964, kutoka jimbo la Jiangsu. Tanzania Bara ilianza kupokea timu zake mwaka 1968, kutoka Shandong. Walitibu kwa dawa za hospitali na kupasua kwa visu vya hospitali, na pamoja navyo wakaja na sindano nyembamba za jadi yao. Wakati huohuo ulikuja mradi mkubwa zaidi. Ujenzi wa reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ulianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa mwaka 1976. Kwa watu wa Kilosa, reli hiyo iko jirani: tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa kupitia Mikumi linaikuta TAZARA pale Kidatu. Njia hizo mbili haziwezi kuunganishwa moja kwa moja, kwani moja ina upana wa mita moja na nyingine milimita 1,067. Mzigo hushushwa na kupakiwa upya.

Ndivyo ilivyokuwa kwa tiba. Kuanzia miaka ya 1990 kliniki za binafsi za Kichina zilienea Dar es Salaam na kufika miji mingine. Elisabeth Hsu, mwanaanthropolojia aliyezichunguza kwa miaka mingi, aliona kwamba kilichouzwa humo kwa wingi kilikuwa vidonge na kapsuli zilizotengenezwa tayari kiwandani. Wagonjwa walizipenda kwa sababu zilionekana za kisasa kama za hospitali na za asili kama za mganga, na zilisifika kwa kufanya kazi haraka. Mfalme, jemadari na mito kumi na miwili havikuvuka bahari pamoja na vidonge. Mgonjwa alivipokea kwa fikra zake mwenyewe: vinasafisha damu, vinaongeza nguvu, vinatoa uchafu tumboni. Mzigo ulipakiwa upya kwenye mabehewa ya hapa.

Nasi tulifanya hivyohivyo na malaria ya hospitali. Tafiti za miaka ya 1990 pwani na Kilombero zilikuta wazazi wengi wakitenganisha malaria na degedege. Mtoto aliyekakamaa na kugeuza macho alisemekana kupitiwa na pepo au dege, ndege wa usiku. Alifukizwa, pengine kwa kinyesi cha tembo, na kuogeshwa kwa majani. Wengi waliamini kwamba akichomwa sindano atakufa, na watoto wakafikishwa hospitali wakiwa wamechelewa. Huko Ifakara, Susanna Hausmann Muela na wenzake walichapisha mwaka 1998 jambo linalostahili kutafakariwa: watu waliikubali habari ya mbu na vimelea, kisha wakaongeza kwamba mchawi anaweza kuvificha vimelea ili darubini isivione. Elimu mpya haikuifuta ya zamani. Ilishonwa juu yake.

Huo si ujinga. Ni kazi ileile ya waandishi wa Neijing, ya kukitafutia kisichoonekana mahali katika umbo la dunia inayojulikana. Lakini mtoto aliyekuwa akifa kwa degedege alihitaji zaidi ya umbo linaloeleweka. Alihitaji dawa inayofanya kazi.

Maji baridi ya Ge Hong

Tarehe 23 Mei 1967, wakati malaria ikiwaua askari wa Vietnam ya Kaskazini, serikali ya China ilianzisha mpango wa siri wa kutafuta dawa. Uliitwa Mradi 523, kwa tarehe hiyo. Mwaka 1969 mtafiti Tu Youyou alikabidhiwa sehemu ya kazi hiyo mjini Beijing. Alikuwa amesomea famasia na pia kufunzwa tiba ya jadi. Yeye na wenzake walikusanya maagizo ya dawa zaidi ya 2,000 kutoka vitabu vya kale na kwa waganga, na mmea wa qinghao ulikuwa miongoni mwao. Walipouchemsha, matokeo yalikuja na kupotea.

Ndipo aliporudi kwenye kitabu cha Ge Hong, mganga wa karne ya 4. Katika maagizo yake kwa homa za vipindi, Ge Hong hakusema mmea uchemshwe. Alisema uloweshwe majini, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Tu alishuku kwamba moto ndio unaoiua dawa. Akatumia etha, inayochemka kwa joto la chini. Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli namba 191 iliviua vimelea vyote katika panya wa maabara. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliinywa wenyewe kwanza, kisha wakaijaribu kwa wagonjwa kisiwani Hainan. Kiini chake ni artemisinini. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Tanzania ilikuwa imeiacha klorokwini mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea, na dawa ya SP iliyoishika nafasi yake nayo ikaanza kushindwa. Mwishoni mwa mwaka 2006 nchi ilianza kutumia dawa mseto, ALu, yenye kiini kilichotokana na artemisinini. Kituo cha utafiti cha Ifakara, kilichoanzishwa na Waswisi mwaka 1957 ng'ambo ya Kidatu, kilikuwa miongoni mwa taasisi zilizotoa ushahidi wa kisayansi kuhusu malaria nchini. Tangu hapo mtoto mwenye malaria bondeni Kilosa anameza dawa ambayo mzizi wake ni agizo lililoandikwa miaka 1,600 iliyopita.

Sitiari ya jeshi haikumpa Tu Youyou jibu. Ilichofanya ni kuihifadhi homa ya vipindi kama ugonjwa wenye jina, dalili, saa na dawa zake, kwa karne nyingi, hadi mtu mwenye maabara alipokuja kuuliza. Ndani ya hifadhi hiyo kulikuwa na maelezo madogo, jinsi ya kuandaa majani, ambayo bila maandishi yangepotea.

Nasi tunayo hifadhi yetu, na iko hatarini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Bunge lilipitisha sheria ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002. Kazi iliyofanyika ni kubwa, na sehemu kubwa yake imekuwa kukusanya mimea, kuitambua kwa majina ya kisayansi na kuipima maabara. Mimea hiyo inapaswa kukusanywa pamoja na fikra zilizoichagua. Mganga wa Usagara anayesema jani hili linatuliza moto na lile linafukuza upepo, hili linachumwa alfajiri na lile halichemshwi, anatupa ramani nzima ya jinsi alivyoutazama ugonjwa. Tukichukua jani tukaiacha ramani, tutalichemsha jani lililotakiwa kukamuliwa, na tutasema halina dawa.

Wazee wenye ramani hizo katika vijiji vya Kilosa wanazidi kupungua. Kila mwanafunzi wa famasia anayekwenda kwao aende na daftari lenye kurasa mbili kwa kila mmea: moja ya mmea wenyewe, na nyingine ya maneno ya mganga kama alivyoyasema, kwa lugha yake, bila kuyasahihisha. Maabara itaamua kipi kinatibu na kipi hakitibu. Lakini maabara hupima kile tu ilichopelekewa, na agizo ambalo halikuandikwa halina atakayelipima.